Barua ya Shemeji

Shemeji alikutwa amekufa sebuleni kwake Jumatatu asubuhi, ameketi kitini kama mtu anayesubiri kuitwa. Mkewe, aliyekuwa amelala kwa dada yake, ndiye aliyemkuta. Mezani kulikuwa na chupa ya chai, kikombe kitupu na barua ya ukurasa mmoja.

Jina hilo alipewa na watazamaji. Miaka kumi na miwili aliigiza shemeji mpole kwenye tamthilia ya televisheni, hata akina mama wakamwona wa kwao. Kisha wasichana watano waigizaji wakaeleza aliyokuwa akiwafanyia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kampuni ikamfukuza, tamthilia ikakatwa, na kwa miezi tisa hakuna aliyempigia simu. Ndiyo maana koplo, alipoisoma barua, alitaka jalada lifungwe kabla ya chakula cha mchana.

"'Nimechoka kubeba uso huu. Nisameheni. Naondoka kabla hamjanifukuza.' Mwandiko ni wake, afande. Aibu imemmaliza."

Inspekta alikuwa ameinamia meza. Kituoni walimwita Kupe, naye hakuchukia, maana ni kweli: akikuganda huchomoki. Aliinusa chupa. Tangawizi na asali.

"Alikuwa anaumwa koo?" akamuuliza mjane.

"Hapana. Hiyo alikuwa akinywa kabla ya kuigiza tu. Tangu afukuzwe hajaigusa."

"Nani alikuwa anamtengenezea?"

Mjane akatazama pembeni. "Mama Sindano, mtunza mavazi wake. Mimi hata vipimo sivijui."

Mjane alikuwa na sababu tele za kumchukia mumewe, na Inspekta alimshuku bila kujificha. Lakini dada yake na majirani watatu walithibitisha kwamba hakutoka huko tangu Jumamosi hadi Jumatatu asubuhi. Kesho yake wale wasichana watano waliitwa kituoni mmoja mmoja. Hakuna aliyemlilia marehemu, na hakuna aliyekuwa karibu na nyumba yake. Jioni mkemia akaleta majibu: dawa za usingizi kwenye chupa na tumboni, za kuua watu wawili.

Inspekta akairudia barua. Kati ya maneno kulikuwa na vistari vidogo vya penseli: kimoja baada ya "nimechoka", viwili baada ya "nisameheni". Akamwamuru koplo aisome kwa sauti, asite kila penye kistari. Koplo akaisoma, na alipofika mwisho sauti yake ilikuwa inatetemeka kama ya kwenye tamthilia. Akaona haya mwenyewe.

"Mtu anaaga dunia," Inspekta akasema, "halafu anajiwekea alama ya pa kuvuta pumzi?"

Jumatano asubuhi wakamkuta Mama Sindano kwenye chumba cha mavazi cha kampuni akipiga pasi koti la mfalme wa maigizo, pini zimejipanga ukosini mwake. Alikuwa mama wa makamo, mchangamfu, na maswali aliyajibu bila kuzungukazunguka. Marehemu alikuwa ananakili maneno yake yote kwa mkono ili yamkae kichwani. Madaftari aliyatunza Mama Sindano sandukuni, na ufunguo hautoki shingoni mwake. Kwa miaka ishirini, tangu kabla ya tamthilia, ni yeye aliyeyashika akimsikiliza, asiruke neno.

Inspekta akaomba kuyaona. Daftari la nne lilikosa ukurasa. Akatoa barua kwenye mfuko wake wa nailoni, akaulinganisha mchaniko. Vikakaa kama chanda na pete.

"Vistari hivi hukuviona, mama?"

Akaviinamia. "Nimevizoea, baba. Hata sivioni tena."

Inspekta akamwonya kwamba kila atakalosema litaandikwa. Kisha akafungua ripoti ya uchunguzi wa kampuni. Msichana wa kwanza kulalamika alikuwa binti wa Mama Sindano. Shahidi aliyesema binti huyo ni mwongo alikuwa Mama Sindano mwenyewe.

"Kwa nini ulimtetea?"

"Meza yangu iko hapo, mlangoni pa chumba chake cha kubadilishia nguo. Nilijiambia, kama kungekuwa na kitu ningesikia." Akaikalisha pasi wima. "Mwanangu alinililia, nikamwambia asituharibie kazi. Hajakanyaga kwangu tangu siku ile."

"Na wiki iliyopita?"

Ijumaa, akasema, Shemeji alimwita nyumbani na madaftari yake, ayapitie tena. Hatimaye alikuwa amepata filamu, watu wameanza kusahau. Alikuwa na furaha, anatembea huku na huku.

"Akaniambia, 'Yule binti yako hakusema uongo. Lakini yaliyopita si ndwele.' Alilisema vizuri, kama anavyosema kila kitu. Jumapili nikamtengenezea tangawizi yake. Nikamsikiliza maneno ya filamu mpaka akasinzia, nikaweka ule ukurasa mezani."

Koplo aliandika bila kuinua kichwa. Mama Sindano akachomoa pasi ukutani, akavua ufunguo shingoni na kuuweka juu ya koti.

"Mwambieni mwanangu sasa namwamini," akasema. "Mwambieni nimemlipia."

Inspekta angeweza kunyamaza. Roho ilimuuma, lakini akaona kumficha ni kumdanganya kama Shemeji alivyomdanganya.

"Jana nilimuuliza mwanao kama wewe unaweza kuua," akasema. "Alikasirika. Alisema anakujua, wewe ni mama yake, huwezi. Akayatia sahihi maelezo hayo."

Hapo ndipo Mama Sindano alipolia.