Kahawia Mlangoni

Kahawia ilikuwa imetangulia.

Mama Pengo aliinua kebo ya intaneti hadi dirishani, akafumba jicho moja, akachungulia tena ndani ya kile kichwa cha plastiki. Nyuzi nane zilikuwa zimelala sambamba, zimekatwa sawa kama meno ya kitana. Lakini zilianza na kahawia na kuishia na chungwa, kinyumenyume, kama shati lililovaliwa nje-ndani. Akachomeka kebo kwenye kipimo. Taa ziliwaka moja baada ya nyingine, huku na kule, bila kuruka hata moja.

"Baba Pengo, hii umeibana wewe?"

"Nani mwingine?" mumewe alijibu kutoka mezani, bila kugeuka. "Kipimo kinasemaje?"

"Kinasema sawa."

"Basi ni sawa."

Na kweli ingefanya kazi. Kipimo hakijui rangi. Kinajua tu kwamba kilichoingia huku kimetokea kule. Ukikosea pande zote mbili kwa namna moja, kosa lako linapita kama haki. Lakini mumewe hakuwa mtu wa kukosea. Mafundi wenzake walimwita Rula kwa jinsi alivyonyoosha nyuzi kabla ya kuzibana. Tena hakuwahi kubana kichwa bila wimbo, alioutunga mwenyewe enzi anamfundisha mkewe kazi:

*Chungwa wawili mbeleni, njia waitangulie,*
*Kijani mweupe nyuma, bluu wote waingie,*
*Kijani mwenzie naye, nafasi aikalie,*
*Kahawia mlangoni, mgeni asiingie.*

Tangu walipotoka kwenye lile ghala, Rula hakuwa ameimba hata ubeti.

Ghala lenyewe lilikuwa jengo la kale lililowahi kuhifadhi magunia, na sasa lilikuwa linageuzwa zahanati. Rula alipanda darini na mwanzo wa kebo, mkewe akabaki chini na boksi. Hawakuwa na haja ya kupiga kelele. Waya wenyewe ndio uliokuwa mdomo wao. Ukivutwa mara mbili, maana yake nimeshika. Ukivutwa mara tatu, vuta. Siku hiyo waya ulisimama ghafla. Mama Pengo akavuta mara mbili, kimya. Akangoja hadi shingo ikamuuma kwa kutazama lile tundu jeusi. Kisha waya ukajibu: moja, mbili, tatu, nne.

Katika lugha yao, nne haikuwepo.

Mama Pengo alicheka, akadhani mumewe anamtania. Naye alikuwa amelelewa na mama mkali, ambaye kwake mtoto aliyeitwa na asiitike alikuwa sawa na mwizi. Basi akaitika. Akavuta nne.

Muda si mrefu Rula akashuka kwa tundu la upande wa pili. Hakuwa na koleo lake la kubania, alisema limedondoka. Na hakuwa na vumbi. Mtu ametambaa kwenye dari lenye umri wa babu yake, akatoka shati linang'aa! Mama Pengo aliliona hilo, na Mungu amsamehe, akafurahi kwamba leo kufua kumepungua.

Sasa, pale dirishani, furaha ile ilimrudia ikiwa chungu.

Aliingia chumbani. Binti yao alikuwa amekaa sakafuni kando ya lile boksi la kebo lililorudi kutoka ghalani, ncha ya waya ameibana sikioni kama simu. Jino lake la juu upande wa kushoto lilikuwa limeng'oka, na baba yake ndiye aliyembandika jina la Pengo, jina likaenea hadi kwa mama.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na baba."

"Baba yuko mezani."

"Siyo yule." Mtoto alishusha sauti, akatazama mlango. "Huyu wa kwenye waya. Anasema kuna giza, mama. Anasema ana kiu."

Mama Pengo alirudi sebuleni. Mumewe alikuwa anamenya ganda la kebo kwa kisu. Rula alikuwa na kovu la kisu kwenye dole gumba la kushoto. Mkewe ndiye aliyelifunga kitambaa siku lilipopatikana, damu ikamchuruzikia hadi kiwikoni. Alilitafuta lile kovu.

Lilikuwa kwenye dole gumba la kulia.

"Unatafuta nini, mke wangu?" aliuliza yule mtu, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya dari: vumbi lililopata moto, na popo.

"Chumvi," alisema Mama Pengo. "Naenda kukopa chumvi."

Alimpitisha mtoto kwa jirani, akaenda moja kwa moja kwa mganga. Mganga huyo mchana alikuwa fundi cherehani, na alimpokea akiwa na pini mdomoni.

"Umeleta nguo au umeleta jambo?"

"Jambo, shangazi."

Alimsimulia yote. Mganga alitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto.

"Jini havunji mlango, binti yangu. Hubisha. Alibisha, ukaitika, akatoka yeye na mumeo akabaki mahali pake. Huyo uliye naye ni mumeo upande wa ndani, kama nguo uliyoigeuza."

"Nifanyeje? Leo jioni wanamaliza kupigilia bodi za dari. Wakishafunga..."

"Wakishafunga, ndiyo basi. Sikiliza. Mshono ukienda kinyume huchani nguo. Unafumua uzi, unashona upya. Nyaya sizijui, lakini kuna kitu amekifunga kule kinyume. Kifumue, ukifunge kwa mkono ule ule ulioitika. Naye atakuja, atakuita. Usiitike."

"Shangazi, mimi nimelelewa kuitika."

"Ndiyo maana amekupata. Kuna kingine chochote kilichotoka kule?"

Mama Pengo alikuwa ameshafika mlangoni. "Hakuna," alisema, na alikuwa anauona ule waya unaoning'inia darini, huo tu, hakuona kingine.

Mafundi wa dari walikuwa wametoka kwenda kula. Bodi zilikuwa zimefunika chumba chote isipokuwa lile tundu moja, na kutoka kwenye tundu ilining'inia kebo, kichwa chake kimebanwa tayari. Hakuhitaji kukiangalia mara mbili. Kahawia ilikuwa mbele.

Alitoa koleo lake na kichwa kipya mfukoni, akakikata kile cha kinyume. Akamenya ganda, akatandaza nyuzi, akazinyoosha kwa kucha. Akaanza kuimba, sauti inakwaruza: chungwa wawili mbeleni...

"Mama Pengo."

Sauti ilitoka mlangoni nyuma yake, ya mumewe, ya upole, ya asubuhi za kuamshwa na chai, na neno la kuitika lilimpanda kooni lenyewe, likafika kwenye ulimi, akalibana kwa meno hadi akaonja damu. Akaingiza kijani mweupe. Sauti ikaita tena, safari hii kwa jina lake la utotoni ambalo hakuna aliye hai aliyekuwa analijua, na ilikuwa sauti ya marehemu mama yake, ile ile ya kuita mara moja tu, na harufu ya vumbi la moto ikamzunguka shingo, na vivuli vya bodi vikasogea ukutani ingawa jua la mchana lilikuwa limetulia, na bluu zikapishana vidoleni mwake akalazimika kuzitoa na kuzipanga upya, huku nyayo zisizo na kishindo zikikaribia, zikikaribia, mpaka akahisi mtu amesimama karibu naye kiasi kwamba angegeuza uso wangegusana mashavu, ndipo mtu yule akasema kwa sauti ya Pengo, sauti ya mtoto aliyeanguka na kuumia: "Mama! Mama! Mama, niitikie!"

"Kahawia mlangoni," Mama Pengo aliimba, machozi yakimtiririka, "mgeni asiingie."

Akabana koleo. *Tak.*

Nyuma yake pakawa patupu. Hakusikia mtu kuondoka. Alisikia tu chumba kikipata nafasi.

Alishika kebo, akavuta mara mbili. Nimeshika.

Kimya. Halafu, kwa udhaifu, kama samaki anayekata roho kwenye ndoana: moja, mbili, tatu.

Akavuta. Alivuta kama anayenyanyua ndoo ya kisimani, na alichokivuta kikavunja pembe ya bodi, kikaanguka miguuni pake kwenye wingu la vumbi. Rula alikuwa mweupe kama aliyemwagiwa unga, midomo imepasuka, koleo lake mkononi. Mkewe alishika dole gumba la kushoto, akalifuta kwa mate. Kovu lilikuwepo.

"Maji," alisema Rula. Kisha, akikohoa: "Nilikuwa nakuita, wewe mwanamke. Huitiki?"

Mama Pengo alicheka na kulia kwa pamoja.

Nyumbani hapakuwa na mtu mezani. Palikuwa na kebo iliyomenywa nusu na kiti kilichovutwa nyuma. Rula alikunywa maji kikombe juu ya kikombe, vumbi lake likidondoka kila mahali, na mkewe akaapa kwamba nguo zile angezifua kwa furaha. Pengo alirudi kutoka kwa jirani, akamkumbatia baba yake, akakimbilia chumbani.

Hapo ndipo Mama Pengo alipolikumbuka boksi.

Aliinuka, kikombe kikaanguka. Kutoka chumbani alisikia waya ukikwaruza kwenye kadibodi: moja, mbili, tatu, nne. Kisha ukimya mdogo, wa mtoto anayefikiri. Kisha sauti nyembamba, yenye adabu, kama alivyomfundisha mwenyewe:

"Abee!"

Alipofika mlangoni, Pengo alikuwa amesimama katikati ya chumba, gauni safi bila chembe ya vumbi alilopakwa na baba yake, anatabasamu. Lile pengo lilikuwa upande wa kulia.

Na sakafuni, ndani ya boksi, waya ulitikisika mara tatu.