Pampu Hukaa na wa Mwisho

Huyu ni Milembe. Jina lake kamili ni Milembe Nyorobi Lushona. Ana miaka minane.

Baiskeli yake ni ndogo. Rangi yake ni kahawia, kama ukwaju. Kwa hiyo inaitwa Ukwaju.

Kila mwaka, mpunga ukishavunwa, Chama cha Baiskeli cha Busanga hufunga safari. Hutoka Busanga alfajiri. Hufika Nyamhela jioni.

Ni mbali. Ni mbali sana.

Chama kina pampu moja tu. Pampu hiyo hukaa na mtu wa mwisho.

"Kwa nini wa mwisho, Mama?" aliuliza Milembe.

"Ukipata pancha, unakaa kando ya njia," alisema Mama. "Wenzako wanapita. Unasubiri. Mwishowe pampu inakuja."

"Na usiku ukiingia?"

"Pampu inakuja tu. Na chakula hakiliwi mpaka pampu ifike."

Safari ikaanza. Kriling! Kriling! Kengele zote zililia pamoja.

Walipita mashamba ya pamba. Walipita mawe makubwa yaliyopandana. Walisimama, ng'ombe wakavuka njia. Moo!

Jua likapanda. Milembe akaanza kubaki nyuma.

Kwi, kwi, ililia pedeli.
Tumechoka, ilisema miguu.

Adhuhuri, Milembe alikuwa wa mwisho kabisa. Mama akafunga pampu kwenye keria ya Ukwaju. Kisha Mama akaenda mbele, maana yeye ndiye anayeijua njia.

Kodo, kodo, iligonga pampu.

Mbele ya Milembe alikuwepo Mjomba Kwilasa. Jina lake kamili ni Kwilasa Mabeyo. Ana mashine ya kusaga, na sauti yake ni kubwa kuliko mashine.

"Wewe konokono!" aliita Mjomba Kwilasa. "Nyumba yako iko wapi?"

"Iko hapa kwenye keria, Mjomba!"

"Ha! Basi usije ukalala humo!"

Watu waliokuwa mbele wakacheka. Milembe hakucheka. Hakutaka kuwa konokono. Hakutaka kuwa wa mwisho.

Kwi, kwi, ililia pedeli.
Tumechoka, ilisema miguu.

Halafu kikaja kilima. Kilima kirefu, chenye vumbi jekundu. Milembe akashuka, akasukuma. Akasukuma, akapumzika. Akasukuma tena.

Juu ya kilima alikuwepo Mjomba Kwilasa. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, anatafuna viazi vikavu. Kofia yake ilikuwa imemfunika macho.

"Tangulia, konokono," alisema, mdomo umejaa. "Miye nanyoosha mgongo."

Milembe akapanda baiskeli haraka. Mteremko ukaanza.

Swiiii!

Upepo ukaimba masikioni. Kriling! Kriling! Milembe hakuwa wa mwisho tena! Wa mwisho alikuwa Mjomba Kwilasa!

Chini ya kilima, Ukwaju akapunguza mwendo. Mbele kulionekana mapaa ya Nyamhela. Harufu ya wali ikaja na upepo. Tumbo la Milembe likanguruma.

Kodo, kodo.

Milembe akageuka. Pampu! Pampu ilikuwa bado kwenye keria yake.

Alikuwa amempita wa mwisho, na hakumwachia pampu.

Akasimama. Akasubiri. "Mjomba Kwilasa!" aliita.

Kimya.

Akapiga kengele. Kriling!

Kimya.

Akatazama Nyamhela. Ilikuwa karibu. Akatazama kilima. Kilikuwa kirefu kuliko mwanzo.

"Labda anakuja," alisema Milembe. Lakini hakuna aliyekuja.

Machozi yakamlenga. Akayafuta kwa mkono wenye vumbi. Kisha akamgeuza Ukwaju.

Kwi, kwi, ililia pedeli.
Tumechoka, ilisema miguu.
"Najua," alisema Milembe. "Najua."

Akasukuma. Akapumzika. Akasukuma tena. Jua likawa la rangi ya chungwa.

Katikati ya kilima, mtu mmoja alikuwa amekaa njiani. Baiskeli yake ilikuwa kichwachini, magurudumu juu. Hakuwa anacheka. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Milembe? Wewe ni Milembe?"

"Ndiyo, Mjomba. Pole."

"Mwiba," alisema Mjomba Kwilasa. "Nimeshaziba tundu. Sasa sina upepo. Nikasema, leo nitalala hapa na fisi."

"Nilikupita na pampu," alisema Milembe polepole. "Nilifurahi mno. Nikasahau."

Mjomba Kwilasa akamtazama. Akatazama kilima.

"Umekipanda tena? Na miguu hiyo?"

"Miguu imenung'unika sana, Mjomba."

Wakajaza upepo kwa zamu.

Fuu, fuu, fuu. Gurudumu likavimba.
Fuu, fuu, fuu. Gurudumu likawa gumu.

"Leo konokono ni mimi," alisema Mjomba Kwilasa.

"Basi chukua nyumba yako," alisema Milembe. Akampa pampu.

Mjomba Kwilasa akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Wakashuka pamoja, taratibu. Milembe mbele, Mjomba Kwilasa nyuma.

Kwi, kwi, ililia pedeli.
Kodo, kodo, ilijibu pampu.

Nyamhela, sufuria zilikuwa zimefunikwa. Watu wote walikuwa wamekaa chini, wamechoka, wana njaa. Mama alikuwa amesimama njiani, taa mkononi.

"Pampu imefika?" waliuliza watu.

"Imefika!" aliita Mjomba Kwilasa kwa sauti yake kubwa. "Ninayo mimi! Wa mwisho ni mimi! Mpakulieni Milembe kwanza!"

Mama akamkumbatia Milembe, vumbi na yote. Vifuniko vikafunguliwa. Milembe akala wali na kuku. Akala ukoko pia.

Kisha Mama akatandika mkeka. Akamwosha Milembe miguu kwa maji ya uvuguvugu, mguu wa kulia, halafu wa kushoto.

"Mama," alisema Milembe, "mwakani tutakuja tena?"

"Ukitaka."

Milembe akafumba macho. Nje, Ukwaju alikuwa ameegemea ukuta, kimya.

Tumechoka, ilisema miguu, polepole sana.

"Laleni," alisema Milembe. "Tumeshafika."

Na miguu ikalala.