Likizo ya Mwalimu Anselmi

Katika mji wa Likasi, mwaka wa tisini na tano, nyaya za simu zilikuwa zimekwisha kugeuzwa masufuria, na kwa hiyo hapakuwa na siri iliyoweza kusafiri. Mtu mwenye neno la kumwambia ndugu yake wa mbali alikwenda nyuma ya stesheni ya treni, akaingia katika chumba cha foni, ile redio ya kusemea yenye waya juu ya paa na betri ya lori chini ya meza, akasema neno lake kwa sauti kuu mbele ya wateja wote waliongoja zamu kwenye mabenchi. Na si mbele yao tu. Kila chumba cha foni kuanzia Kamina mpaka Kalemie kilisikia. Uchumba ulivunjika humo, misiba ilitangazwa humo, wakwe walitukanwa humo, na wateja walisikiliza kwa adabu kama watu walio kanisani.

Aliyetawala chumba hicho alikuwa Fortunée, binti wa papa Numbi wa mtaa wa Kikula. Siku hiyo ya Jumamosi alikuwa amevaa kikwembe cha kijani chenye maua ya njano, na nywele zake, zilizofungwa kwa uzi mweusi, zilisimama kichwani kama antena ndogo ndogo. Alikuwa na sauti mbili. Moja ilikuwa yake mwenyewe, ya utani na kicheko. Ya pili ilikuwa ya kazi: nyoofu, baridi, isiyo na upande. Opereta wa foni hupitisha neno la mtu kama lilivyo. Haongezi, hapunguzi, wala haonyeshi kwamba ameelewa.

Chumba kilikuwa kimejaa pale alipoingia mwanaume aliyevaa tai.

Watu waligeuka wote. Tai, mwaka ule, ilikuwa kitu cha kutazamwa. Shati lilikuwa jeupe, limenyooshwa kwa pasi mpaka kwenye kola. Viatu vilikuwa vimeng'arishwa juu, na chini vimefungwa kwa kamba. Huyu ndiye Mwalimu Anselmi, Mtanzania wa Kirando, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, aliyeletwa kufundisha Kiingereza katika shule ya serikali baada ya walimu wageni wengine wote kuondoka. Alimtaka Éphraïm, mchuuzi wa samaki wa Moba, ambaye huvuka ziwa na kuwapelekea watu habari. Zamu yake ilipofika, alishika kipaza sauti kwa mikono miwili akanong'ona.

"Mwalimu, piga sauti," Fortunée alimwambia. "Minye niko hapa pembeni na sisikie kitu."

"Samahani, dada. Nilidhani mazungumzo haya ni ya faragha."

"Ya nini?"

"Ya siri."

Benchi zima likacheka. Mama mmoja mwenye beseni la vitumbua akamtuliza. "Sema tu, mwanangu. Siri yako tutaichunga sisi bote."

Basi Anselmi akapiga sauti. Akamuuliza Éphraïm kama baba hajambo, kama mama hajambo, kama shangazi hajambo, na mguu wa shangazi je, na jirani aliyeumwa, na mbuzi. Fortunée akagonga betri kwa ncha ya kiatu.

"Mwalimu, betri inakufa. Umemuita juu ya salamu ao juu ya habari?"

"Kwetu salamu ndizo habari. Akinijibu zote, nimejua hakuna aliyetutoka."

Fortunée alitaka kucheka, akakuta hawezi. Mtu amekuja na tai yake yote ili tu kuhakikisha kwamba watu wake wangali hai. Alimtazama jinsi mtu anavyotazama mwezi uliozungukwa na duara.

Jumamosi iliyofuata Anselmi alikuwapo tena.

"Unaita nani leo?"

"Sina wa kumwita."

"Sasa umekuya kufanya nini?"

"Kungoja zamu."

Akangoja hivyo Jumamosi nyingi. Fortunée alimtania kwamba Kiswahili chake kinanuka ubani kama kitabu cha misa. Anselmi alimjibu kwamba cha kwake kinakimbia kama kuku aliyesikia sufuria. Jumapili moja walidandia lori la makaa mpaka Koni, kwenye mto Lufira, kule umeme wa mji unakozaliwa. Fortunée alikuwa amekula, amesoma na kujisuka chini ya taa za Koni tangu utoto, na hakuwahi kupaona. Maji yalikuwa yanaanguka meupe, mazito, bila kupumzika, na mngurumo wake ulipanda kutoka ardhini, ukapita miguuni, ukafika kwenye meno. Alisimama akiwa amesahau kufunga mdomo.

"Njo hii inawasha taa ya kwetu?" aliuliza.

"Ndiyo hii."

"Na haijui hata jina yetu."

"Kwa nini unanong'ona?"

"Sijue. Ni kama kuko mukubwa."

Anselmi akamshika mkono. Hakuuachia mpaka lori lilipopiga honi.

Sasa, mkataba wa mwalimu mgeni ulikuwa na vipengele vitukufu: nyumba, mshahara, matibabu, likizo. Nyumba ilivuja. Mshahara ulipotea njiani, na wazazi wa wanafunzi walimlipa mwalimu kwa vikombe vya unga. Matibabu hayakuwahi kuonekana na mtu. Likizo peke yake ilifika kwa wakati. Shule zikifungwa mwezi wa saba, mgeni alikuwa na haki ya kwenda kwao mpaka zifunguliwe. Serikali haikuwa na kitu mkononi, lakini ruhusa ya kumwacha mtu aende ilikuwa nayo tele.

Na Likasi nzima ilijua vacances, ile likizo ya mgeni, ni nini. Wabelgiji walikwenda vacances. Mgiriki wa duka la vitambaa alikwenda vacances. Kijana Mmarekani aliyefundisha Kiingereza kabla ya Anselmi alikwenda vacances pia, akamwacha mbwa wake kwa jirani kwa muda mfupi tu. Mbwa huyo alikuwa sasa mzee, na ana wajukuu.

"Mudogo wangu, kata tamaa," alisema Marceline, binamu mkubwa wa Fortunée, aliyeuza mikate mlangoni pa foni. "Vacances ya bazungu ni sawa na kifo. Tofauti ni kwamba wao wanapunga mukono."

"Anselmi haiko muzungu."

"Iko na pasipoti?"

"Iko nayo."

"Njo muzungu."

Fortunée alicheka, lakini wiki ile ile Moba iliita. Anselmi alikuwa bado darasani akisahihisha mitihani. Éphraïm aliacha ujumbe, na jioni mwalimu alipopita, Fortunée alikaa wima kwenye kiti chake, akausema kama kazi inavyotaka.

"Kwa Mwalimu Anselmi, kutoka kwa Éphraïm wa Moba. Shule ya kwenu imekuwekea nafasi. Mshahara ni wa kila mwezi, na unafika. Darasa lina madirisha ya vioo. Ukija likizo, usirudi huko tena. Mwisho wa ujumbe."

Anselmi alisogea mezani.

"Ndivyo alivyosema?"

"Njo vile."

"Na wewe unasemaje?"

Ndani ya Fortunée mambo mengi yalikuwa yanagombania mlango mmoja. Aliona vikombe vya unga. Aliona kamba kwenye viatu. Nani, akiwa na haya, angemwambia mtu wa namna hiyo abaki?

"Minye ni opereta," alisema.

Anselmi alilegeza tai yake.

"Nimepokea," akajibu, akatoka.

Alfajiri ya Jumatatu alipanda lori la kwenda Pweto, njia ya kuelekea ziwani. Fortunée hakwenda kumuaga. Alikuwa na kazi ya kufuta vumbi kwenye betri, na betri ile ilifutwa siku hiyo kuliko betri yoyote katika historia ya Zaïre.

Mwezi wa nane ulipita na upepo wake mkavu. Moba haikuita. Marceline, ambaye alipenda kusema kweli, alijikaza asiseme, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mwezi wa tisa shule zilifunguliwa. Préfet Hilaire, mkuu wa shule, aliwaza sana, kisha akamkabidhi mwalimu wa mazoezi ya viungo somo la Kiingereza, kwa kuwa alikuwa na filimbi.

Jumamosi ya kwanza baada ya hapo, mabenchi yakiwa yamejaa, foni ilikwaruza.

"Likasi, Likasi, hapa Pweto. À vous," yaani, zamu yako. Alikuwa Floribert, opereta wa Pweto, mzee mwenye sauti kama gogo linaloburutwa, ambaye siku zote alitangaza bei ya samaki.

"Pweto, Likasi anakusikia. À vous."

"Kuko muntu ku Moba anakutafuta. Betri yake ni ya kufa, sauti yake inafika kwangu tu. Lakini yeye anakusikia weye muzuri. Nitapitisha maneno yake. À vous."

"Pitisha. À vous."

Mkwaruzo. Kisha Floribert: "Anasema ni Anselmi."

Marceline akaingia na mkate mkononi.

"Anasema: Fortunée, mpenzi wangu." Floribert akakohoa. "Mama, unisamehe. Minye ni mutu muzima, na bibi yangu iko hapa nyuma na mwiko ku mukono. Maneno ni ya mwalimu, minye napitisha. Anasema: ule ujumbe niliupokea, lakini sikuukubali. Nilingoja neno lako moja. Ukanisomea kama unatangaza kifo cha mjomba wa mtu. Nikadhani umenizika. Anasema: nimefika kwetu, nafasi nimeiona, ni nzuri, na vioo nimevigusa. Kisha nikavuka ziwa tena. Niko Moba, upande wa kwenu. Kesho kuna lori la kuja Pweto, na kuna boti ya kurudi Kirando. Nitapanda moja. Nataka nisikie sauti yako. Ya opereta siitaki. À vous."

Ndipo likatokea jambo ambalo watu wa foni hawajalisahau. Kamina ilinyamaza. Kasenga ilinyamaza. Mfanyabiashara wa Kalemie, ambaye tangu asubuhi alikuwa akigombana juu ya mawese, aliacha neno katikati. Hewa yote ya Katanga, iliyojaa kelele mchana kutwa, ikawa tupu kama uwanja uliofagiwa, na katikati ya uwanja huo akawekwa Fortunée peke yake na kidole juu ya kitufe.

Akakibonyeza.

"Anselmi." Sauti ilimtoka imepasuka, na mama wa vitumbua akajishika kifua, maana hakuwahi kuisikia ikipita kwenye foni. "Hapa ni minye. Haiko opereta. Ile siku nilitaka kukushika ku shati, ile shati yako nyeupe, mpaka ipasuke. Nikasema, nikimushika atakula nini? Hapa banakulipa unga. Njo maana nilikusomea vile, juu uende muzuri, usiangalie nyuma." Aliachia kitufe, akapumua, akakibonyeza tena. "Panda lori. À vous."

Walingoja. Floribert alikawia sana.

"Haseme kitu," alisema mwishowe, na gogo lake lilikuwa limelainika. "Analia. Napitisha vile vile: analia. À vous."

Ikaingia sauti nyingine kutoka mbali, ya mtu asiyejulikana. "Likasi, hapa Kamina. Tumesikia bote. Mungu achunge ile lori."

Lori lilichungwa. Lilifika Likasi likiwa na magunia ya samaki wakavu, na juu ya magunia alikaa Anselmi, hana tai, mwekundu kwa vumbi tangu nyusi mpaka viatu, akinuka ziwa zima. Habari zilimtangulia. Watu walitoka sokoni, wakatoka stesheni, wakajipanga kando ya barabara bila kupiga kelele. Hawakuwahi kumwona mgeni aliyerudi kutoka vacances. Préfet Hilaire alisogea, akamgusa bega kwa kidole kimoja, akakitazama kidole.

Fortunée alimpokea begi. Hakumkumbatia mbele za watu. Alimpangusa vumbi nyusi moja, kisha ya pili, kwa ncha ya kikwembe chake, taratibu, na mama watu wazima wakageuza nyuso.

Akampeleka moja kwa moja Kikula. Papa Numbi, aliyemaliza ujana wake mbele ya tanuru za shaba za Shituru na asiyeshtushwa na kitu, alikuwa uani ameketi. Majirani walikwishajaa nje ya ua.

"Baba," Anselmi alianza, "nimekuja kuomba..."

"Ngoja. Kule kwenu banalipa?"

"Wanalipa, baba."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Na madirisha iko na vioo."

"Ina vioo."

Mzee akavua kofia yake polepole, akaiweka juu ya goti. "Na umekuya hapa."

"Nimekuja kumwoa Fortunée, ukiniruhusu, na yeye akikubali."

"Yeye, Katanga muzima ilimusikia," alisema papa Numbi. "Swali yangu ni ingine. Vacances ya mwaka kesho. Utaenda?"

"Nitakwenda naye, mama amwone."

"Na kisha?"

Anselmi alifungua mdomo, lakini Fortunée alimtangulia.

"Kisha tutarudi, papa."

Hakuna aliyecheka. Neno hilo lilikuwa limesemwa na wengi pale mjini, wakiwa na masanduku mikononi. Mzee alimtazama bintiye usoni, akatafuta, akatosheka.

"Marceline," aliita. "Leta bukari. Mukwe iko na njaa."

Wakala uani, sahani moja, samaki wa Moba na bukari, yaani ugali, ya moto. Majirani hawakuondoka. Walisimama wakishika fito za ua kwa vidole, wakimtazama mtu aliyerudi, kama wanaotaka kujua anatafuna namna gani.

"Banakuangalia," Fortunée alimnong'oneza.

"Waache," alisema Anselmi, akakata tonge la pili. "Hata mimi najitazama."