Lipu ya Chumba cha Juu

Kila alasiri, akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala harakaharaka, kisha akakimbilia jumba la kale lililokuwa katikati ya shamba. Kwa miaka mingi jumba hilo lilikuwa gofu, na popo ndio waliokuwa wenye nyumba. Sasa lilikuwa likikarabatiwa ili wageni waje kulitazama na kulala humo. Mama yake na mjomba wake walikuwa mafundi wa kupiga lipu.

Kazi ya Chiriku ilikuwa moja tu, kulowesha magunia yaliyofunika kuta mpya. Lipu ya chokaa haitaki haraka. Ikikauka upesi, hupasuka.

Lakini wiki ile wenzake walikuwa wakiruka kamba uani, na ngazi za kupandishia ndoo za maji hadi chumba cha juu, kilichopigwa lipu karibuni, zilikuwa ndefu. Chiriku alipandisha ndoo moja, akalowesha gunia la mlangoni tu, ili atakayechungulia aone maji, akaenda zake kucheza. Kwa kuwa hakuna aliyegundua, kesho yake akarudia.

Ijumaa alikuta kelele juu. Magunia yalikuwa yamefunuliwa, na ukuta mzima ulikuwa umejaa nyufa.

"Umezidisha mchanga!" msimamizi wa ukarabati alikuwa akimfokea mjomba. "Wageni wa kwanza wanakuja kesho, nitawaonyesha nini? Kusanya vifaa vyako uende!"

"Bosi, nilipima vizuri," mjomba alijitetea. Kisha akaupapasa ukuta. "Labda nilikosea. Sijui kama mikono yangu bado ni ileile."

Mama aliinama, asijue amtetee vipi mdogo wake. Mjomba akaanza kufuta mwiko wake kwa kitambaa, taratibu. Chiriku, ambaye siku zote hata umzibe mdomo ataongea, alishindwa hata kumtazama. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Si mjomba," alisema hatimaye, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Sikuyamwagia magunia maji. Nililowesha gunia la mlangoni tu."

Msimamizi aliokota gunia la ukuta wa ndani. Lilikuwa limekauka kau. Alishusha pumzi.

"Fundi, niwie radhi. Kesho tutakifunga chumba hiki. Mtakipiga lipu upya."

Mama alimkazia macho bintiye. "Unajua umefanya nini?"

"Nimeharibu ukuta, mama."

"Ukuta tutaubandua, tupige lipu nyingine. Mjomba wako nusura aondoke hapa akiamini kwamba hajui kazi. Ukizembea halafu ukanyamaza, mwenzako anabebeshwa kosa lako mpaka anajitilia shaka mwenyewe. Vizuri umesema. Ila ungesema kabla hajafokewa."

"Nisamehe, mjomba," Chiriku alisema huku akilia.

Mjomba hakumtania kama kawaida yake. Aliitazama mikono yake, kisha akampa nyundo ndogo.

"Nimekusamehe," alisema. "Haya, anza kubandua upande ule."