Jina la Bibi kwenye Kiitikio

Kitasa kikalia kwa nje… kacha! Nimefungiwa!

"Mama, unafanya nini?"

"Huendi popote, Lydia."

Jamani niambieni nyie. Saa nane mchana, shoo yangu ya kwanza Ngarenaro mjini inaanza saa kumi, na mama yangu mzazi kanifungia chumbani huku Usa River!

Mnaonifuata mnaujua muziki wangu. Soul ya kizamani, kinanda cha kizamani, naimba Kimeru cha mama na Kimasai cha marehemu baba, hicho nakariri tu bila kukielewa. Sina lebo wala meneja. Wimbo uliotoboa nimeutoa kwenye kanda ya baba, humo mama yake, bibi Nosim, anaimba. Kiitikio nikaweka jina lake. Nosim… Nosim…

"Baba yako mdogo Yiamat anakuja, ana hasira," mama akasema mlangoni. "Nilikwambia kwao Wamasai marehemu hatajwi jina! Wewe unamwita bibi yako redioni!"

Daah. Kweli alinikataza tangu nikiwa mdogo, ndiyo maana sikuwahi hata kumuulizia. Ukubwani nikajifanya mjuaji. Nikakaa sakafuni nikalia.

Gari likasimama nje.

"Shemeji, Lydia yupo?"

"Hayupo! Kaenda mjini!"

Heee! Nikakimbilia dirishani, nikashika nondo.

"Baba mdogo, niko huku! Nisamehe kwa kumtaja marehemu!"

"Marehemu gani?"

"Bibi Nosim…"

"Nani kakwambia amekufa?!"

Mlango wa gari ukafunguka. Akashuka bibi mwembamba, akaja taratibu mpaka dirishani.

"Inamisha kichwa akusalimie," Yiamat akasema.

Nikaegemeza kichwa kwenye nondo. Kiganja kikavu kikapita katikati, kikanigusa utosini. Akaongea Kimasai, Yiamat akatafsiri.

"Anasema kila akikuulizia, mama yako anajibu umehamia mbali. Juzi kasikia redioni mtu anamwita."

Nyuma yangu kitasa kikalia tena. Mama, machozi tupu.

"Baba yako alipofariki, niliogopa ndugu zake watakuchukua…"

Nilikasirika, sifichi. Mpaka leo tunaongea kwa shida.

Shoo ilichelewa masaa mawili. Bibi alikaa mbele kabisa, na nilipomaliza akaniambia mstari wa pili naukosea!

Wadau, ukiambiwa ndugu yako alishakufa, uliza kaburi liko wapi. Mimi nilikatazwa kumtaja, nikakaa bila kuuliza miaka ishirini na mbili, na bibi yangu yuko hai upande wa pili wa mlima huu tunaouona kila siku.