Milembe Aliitwa Akanyamaza

Waliokuwapo uani asubuhi ile ya Jumamosi, mjini Bariadi, walikuwa hawa: Bwana Mwandu, mkulima wa pamba kutoka kijiji kimoja cha Itilima, mkewe Monika, muuguzi, watoto wao wawili, Milembe wa darasa la sita na Paschal wa darasa la nne, Mama Kasmiri, mwenye nyumba, Bibi Nyanjige, mpangaji wa chumba cha pembeni, na Nancy, mjukuu wa Bibi Nyanjige, msichana mrefu wa miaka kumi na mitatu. Nancy ndiye aliyeshika ufunguo.

Familia ya Bwana Mwandu ilikuwa imefika kuutazama mji kabla ya kuhamia. Mama alikuwa amepata uhamisho kutoka zahanati ya kijijini, na nyumba ya kupanga ilikuwa ngumu kupatikana. Hii ndiyo ya kwanza iliyowafaa. Ilikuwa na sebule, chumba kikubwa, na chumba kidogo chenye dirisha linalotazama barabara.

"Chumba kidogo ni changu," Paschal alinong'ona walipokuwa mlangoni.

"Nani kakupa?" Milembe alijibu. "Anayetandika kwanza ndiye mwenye nafasi. Au umesahau?"

Hiyo ndiyo desturi ya nyumbani kwao. Msimu wa kuchuma pamba, ndugu wanapokuja kusaidia na nyumba kujaa watu, hakuna anayegawa mahali pa kulala. Anayetandika mkeka wake kwanza hahamishwi, hata akija shangazi.

Baada ya kuonyeshwa vyumba, Mama Kasmiri aliwaomba wageni wazunguke nyuma wakaone bomba na choo. Kisha alimgeukia Nancy. "Funga mlango huu, mwanangu. Mafundi wanakuja kesho kupaka rangi, sitaki mtu aingie."

"Mmesikia, watoto?" Mama aliwaambia Milembe na Paschal. "Msiingie tena."

"Ndiyo, mama," walijibu kwa pamoja.

Bibi Nyanjige alichukua kikapu chake akaenda sokoni kununua mboga za wageni. Nancy akaingia chumbani kwao kutafuta kufuli. Milembe alimwambia Paschal kwamba anakwenda chooni, lakini alipopinda kona ya nyumba alirudi kwa upande wa pili na kuingia ndani kwa kunyata. Alivua kanga aliyojifunga juu ya gauni, akaitandaza chini ya dirisha la chumba kidogo, akalala juu yake kwa muda mfupi ili ihesabike. Alitabasamu. Chumba kilikuwa chake.

Ndipo aliposikia hatua za Nancy mlangoni.

"Kuna mtu ndani?" Nancy aliuliza kwa sauti ya kawaida. Alingoja. "Jamani, kuna mtu? Nafunga!"

Milembe alifungua kinywa. Akafikiri kwamba akijibu, Nancy atamwona, na akimwona atasema, na mama atajua. Akafunga kinywa. Mlango ukavutwa, komeo likasukumwa, na kufuli likalia, ta!

Alisimama pale pale. Muda si mrefu aliwasikia wazazi wakirudi kutoka nyuma ya nyumba, Mama Kasmiri akisifu bomba lake.

"Na wanao wana adabu," alisema Mama Kasmiri.

"Mimi nikisema neno moja linatosha," Mama alijibu kwa fahari. "Paschal, dada yako yuko wapi?"

"Alisema anakwenda chooni."

"Chooni tumetoka sasa hivi, hayumo. Milembe! Ewe Milembe!"

Milembe alisikia jina lake mara ya kwanza, akajiambia, "Mara ya pili nitaitika." Aliposikia mara ya pili, sauti ya mama ilikuwa imebadilika, ikawa na hofu ndani yake, na kuitika kukawa kugumu zaidi kuliko mwanzo. Angesema nini? Kwamba alikuwa akimsikia tangu awali? Basi alikaa kimya, na kila alivyozidi kukaa kimya ndivyo kimya kilivyozidi kumbana.

"Labda ametoka barabarani," sauti ya baba ilisema. "Bodaboda zile! Twendeni. Nancy, wewe unaijua njia ya stendi, kimbia huko. Mimi nitafuata ya sokoni."

Wote waliondoka. Ua ukanyamaza.

Chumba kile hakikuwa na dari. Jua la Juni liliwaka juu ya bati, na joto likashuka kama pumzi ya tanuri. Milembe aliujaribu mlango, haukutikisika. Alishika nondo za dirisha akatazama barabara ambayo asubuhi aliitamani. Malori yaliyojaa pamba yalipita yakielekea kiwanda cha kuchambulia, yakidondosha nyuzi nyeupe njiani. Watu walipita na shughuli zao. Aliita, lakini ngurumo za malori zilimeza sauti yake. Hapo ndipo alipoanza kulia kwa nguvu.

"Nani analia humo?" sauti ya kizee iliuliza. Bibi Nyanjige alikuwa amerudi kutoka sokoni. "Mama yangu! Ni mtoto wa wageni! Nancy yuko wapi na ufunguo?"

"Wamekwenda kunitafuta, Bibi."

"Basi tulia, mjukuu wangu. Mimi siendi popote."

Bibi alileta maji katika kikombe cha bati, akampitishia katikati ya nondo. Akakaa chini ya dirisha na kuanza kuchambua mchicha, huku akimsimulia habari za mji ili asiogope: ni siku gani maji hutoka, ni muuza samaki yupi mwenye mizani ya kweli, ni mwalimu yupi hapendi wachelewaji. Hakumuuliza hata mara moja aliingiaje mle.

Wengine waliporudi, wakiwa na vumbi na jasho, Bibi aliwaita dirishani, na Nancy akafungua kufuli. Mama alimkumbatia Milembe kwa nguvu hata akakosa pumzi. Majirani wawili watatu walikuwa wamekusanyika.

"Nani amekufungia?" baba aliuliza.

Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake lilikuwa tayari mdomoni.

"Nancy."

"Alijua kwamba umo?"

Milembe alitazama chini. "Alijua."

"Mimi?" Nancy alishtuka. "Niliita! Niliita mara mbili, hukuitika!"

"Hakuita," alisema Milembe.

Mama Kasmiri alikunja uso. Alimgeukia Bibi Nyanjige, na majirani wote walisikia. "Mayu, mama yangu, nilikupunguzia kodi kwa sababu ya uaminifu wenu. Mtoto anayeweza kumfungia mwenzake katika joto hili ili amcheke, siwezi kumwachia funguo zangu. Nipeni ufunguo. Na mwisho wa mwezi nitahitaji chumba changu."

Nancy alifumbua kinywa, lakini bibi yake alimgusa bega. Ufunguo ukatoka mkono hadi mkono.

"Tumekusikia, mwanangu," Bibi alisema polepole. "Lakini tulikuwa tumewaahidi wageni kwamba Nancy atawatembeza mjini. Ahadi hiyo ilitangulia. Nancy, watembeze. Mimi nitapika."

Basi Milembe aliuona mji wa Bariadi akiwa nyuma ya msichana aliyemsingizia. Baba alibaki na Mama Kasmiri kuzungumzia mkataba. Nancy alitangulia na Mama, Paschal akirukaruka kati yao. Aliwaonyesha stendi na mahali salama pa kuvukia. Aliwaonyesha soko, kituo cha polisi, na ofisi za mkoa zenye kuta nyeupe. Barabara zilikuwa pana na zilinyooka, lakini kwa Milembe zote zilikuwa nyembamba kama ushoroba wa nyumba ile, njia ya ndani kati ya sebule na chumba kidogo. Kila alipogeuza macho alikutana na mgongo wa Nancy.

"Dada, mbona huulizi kitu?" Paschal alimchokoza. "Nyumbani ulisema wewe ndiye utakayenionyesha mji. Au mji umekuonyesha wewe?"

"Niache, Paschal."

Mama alipoingia dukani kununua mafuta ya taa, Milembe alibaki na Nancy barazani. Hakuweza kuvumilia.

"Mbona humwambii mama yangu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimekwisha kusema," Nancy alijibu bila kumtazama. "Niliulizwa mara moja, nikasema mara moja. Nikirudia rudia wataniita mbishi."

"Mtahamia wapi?"

"Maswa, kwa mjomba. Kama atakuwa na nafasi." Nancy aliokota uzi wa pamba uliokuwa umekwama kwenye nguzo, akauviringa vidoleni. "Bibi ana presha. Kliniki yake iko hapa, tunakwenda kwa miguu. Kutoka Maswa sijui."

Mama alitoka dukani akifurahi. "Mnajua, wanangu, nimetafuta nyumba kwa wiki tatu. Kama tungeikosa hii, sijui ningeripotije kazini. Mungu ni mwema."

Maneno hayo yalimfungia Milembe mlango mwingine. Akinyamaza, Nancy na bibi yake watafukuzwa. Akisema, Mama Kasmiri hatakubali kupangisha kwa watu wenye mtoto mwongo, na mama atakosa pa kukaa. Njia nzima ya kurudi alitafuta mlango wa tatu, asiuone.

Walipofika, chakula kilikuwa tayari kimeandaliwa uani: ugali, mchicha, na samaki kutoka kwa yule muuza samaki mwenye mizani ya kweli. Mama Kasmiri na Baba walikuwa wameketi, mkataba uko tayari kutiwa saini baada ya kula. Bibi Nyanjige alipita na birika na beseni, akiwanawisha wageni mikono mmoja mmoja. Alipofika kwa Milembe, aliinama kwa taabu, akishikilia kiuno.

"Nawa, mjukuu wangu. Ule vizuri. Leo umepata shida."

Maji yalimwagika juu ya mikono ya Milembe. Hakuisugua. Alitoka kwenye kiti, akapiga magoti mbele ya Bibi kama wanavyofanya watoto wa Kisukuma wanaposalimia wakubwa.

"Bibi, Nancy aliita."

Paschal, aliyekwisha kunawa na kuanza kula, aliacha kutafuna.

"Aliita mara mbili," Milembe aliendelea, machozi yakimtiririka. "Nilisikia nikanyamaza. Mama alikuwa amekataza, nami niliingia kutandika kanga ili chumba kiwe changu. Hata mlipokuwa mkinitafuta nilisikia. Nancy hakujua kwamba nimo. Mama Kasmiri, usiwafukuze. Kama ni kutukatalia nyumba, kosa ni langu."

Mama alikuwa ameficha uso kwa kiganja. Baba alisukuma mkataba mbali kidogo na sahani yake, kama mtu anayejua kwamba pengine hautahitajika tena.

Mama ndiye aliyezungumza kwanza, na sauti yake haikuwa ya hasira.

"Simama, Milembe. Kazini kwangu, mgonjwa akinificha anapoumwa, dawa huenda mahali pasipougua, na ugonjwa wenyewe huendelea. Leo ulificha, na sisi wote tukamwadhibu asiye na kosa. Hofu kumnyamazisha mtu ni jambo la kawaida. Lakini kimya cha kwanza huzaa uongo, na uongo huo hulipwa na mtu mwingine. Ukiitwa, itika mara ya kwanza, wakati bado ni rahisi."

"Ndiyo, mama."

"Na chumba kidogo ni cha Paschal," baba aliongeza. "Kama tutapewa nyumba."

Milembe alimgeukia Nancy. "Nisamehe."

Nancy alimtazama. "Nitakusamehe," alisema. "Ila si leo. Leo bado nina hasira."

"Haki yake," alisema Bibi Nyanjige, na Milembe akakubali kwa kichwa.

Wakati huo wote Mama Kasmiri alikuwa akiigeuza bangili yake mkononi. Sasa alisimama. Hakuketi tena kula, bali alikwenda hadi katikati ya ua na kuwaita majirani kwa majina, wale wale waliokuwa wamesimama pale asubuhi, hata wakatoka na matonge mikononi.

"Asubuhi nilisema neno mbele yenu," alitangaza, "na sikumpa nafasi aliyekuwa akijitetea. Neno hilo ninaliondoa mbele yenu. Mayu Nyanjige hahami. Familia ya Bwana Mwandu itahamia Jumamosi ijayo, kwa sababu mtoto wao alisema kweli akijua inaweza kuwakosesha nyumba. Na funguo za nyumba hii, zote, zinakaa kwa Nancy. Anayetaka kuingia atamwomba yeye, nami mwenye nyumba nikiwa wa kwanza."