Leseni Iliyolaliwa na Kuku

Wenzangu wa mtaa huu, sogeeni karibu, na asiyetaka kusogea abaki huko huko, maneno yangu yana miguu. Watu watatu wameniambia nisiiandike habari hii. Wa kwanza alisema nitamwaibisha fundi. Wa pili alisema nitawaaibisha wazazi wangu. Wa tatu alikuwa fundi mwenyewe. Basi nimeiandika yote, na atakayenuna anune.

Nyumba yetu mnaijua, ile yenye mlango wa kijani na kibao cha "Tunachapa". Sebule yetu ndiyo ofisi ya mama. Kochi limesukumwa ukutani, na mahali pa meza ya chakula pamekaa kompyuta na printa, ndiyo maana sisi hula tumepakata sahani kama abiria. Mama mnamwita Mama Chapa. Kwa miaka tisa amechapa mitihani ya shule tatu za jirani, na kwa miaka yote tisa hakuna swali hata moja lililotoka mlangoni kwetu kabla ya siku yake. Mimi mwenyewe nilipokuwa shule, mtihani wangu wa jiografia ulilala sebuleni siku nne, mimi nikilala chumba cha pili. Nikafeli. Mnataka ushahidi gani zaidi?

Asubuhi yenyewe ilikuwa tulivu. Mama anachapa, vidole vinagonga kama mvua kwenye bati. Baba, ambaye kazi yake ni ufundi bomba, yuko jikoni anabishana na koki yake mwenyewe. Nyuma ya mlango, ndani ya boksi lililokuja na kompyuta, kuku wetu mweusi amelalia mayai kumi na moja. Ilikuwa siku yake ya tisa. Mama alikuwa ametoa amri: boksi hilo lisiguswe, lisisukumwe, wala lisisemwe kwa sauti kubwa, mpaka vifaranga vitoke.

Kisha kompyuta ikaganda. Mama akaizima, akaiwasha. Ikawaka nusu, ikazimika. Akaiwasha tena, ikamwonyesha kioo cha buluu na maneno ya huzuni.

"Msimwite mtu yeyote," nikasema. "Tusome kwanza inalalamika nini."

"Wewe Mdomo, hebu nyamaza," akasema baba. Mdomo ndilo jina langu hapa nyumbani, sijui kwa nini. "Tunaye fundi mtaani. Kwa nini tuteseke?"

Fundi tuliyenaye mtaani mnamjua kwa jina la Dakika Mbili. Umpelekee redio, dakika mbili. Umpelekee simu iliyotumbukia chooni, dakika mbili. Akafika na mkoba wake na flashi inayoning'inia shingoni kama medali. Akaangalia kioo, akatikisa kichwa.

"Shemeji, huu mfumo umekufa. Naupiga upya. Dakika mbili."

Zilikuwa saa mbili. Lakini nisimwonee: faili za mama alizihifadhi pembeni, na mfumo ukasimama, mpya, unang'aa. Shida ikaanza hapo. Picha ya maua aliyoiweka mama ikageuka nyeusi tupu, na chini pembeni yakatokea maandishi kwamba leseni ya mfumo haijathibitishwa. Ukiyafunga, yanarudi. Mama akichapa sentensi, yanachungulia. Ilikuwa kama kufanya kazi na mgambo amesimama begani.

"Kadi ya leseni mnayo?" akauliza Dakika Mbili. "Ile iliyokuja na kompyuta."

Sasa msomaji, shika hapo. Baba akalitazama boksi. Kuku akamtazama baba. Baba akakohoa.

"Ilipotea," akasema.

"Basi haina shida, dawa ninayo." Dakika Mbili akachomeka flashi yake. "Kaprogramu kadogo tu. Kanaidanganya kompyuta kwamba leseni ipo. Ila kwanza tunazima kinga ya virusi."

"Kwa nini tuizime?" nikauliza.

"Kwa sababu kinga haiijui hii dawa. Itaizuia."

"Yaani mgeni anabisha hodi, halafu anasema mfungeni mlinzi kamba ndipo niingie? Huyo ni mgeni wa aina gani?"

Baba akacheka, kisha akakumbuka kwamba yeye ni mzazi. "Mtaa mzima wanatumia. Una maneno mengi kuliko redio."

Mama alikuwa na mitihani mitano ya kumaliza, na mgambo amesimama begani. Akaitikia kwa kichwa. Mlinzi akafungwa kamba, dawa ikaingia, weusi ukatoweka. Dakika Mbili akanywa chai yetu, akaondoka akipiga mluzi.

Siku kumi hivi zikapita kwa amani. Nimesema amani, lakini ni ile amani ya mtu ambaye bado hajaingiza mkono mfukoni akagundua hamna kitu.

Ijumaa Mwalimu Mkuu wa shule iliyo karibu zaidi na kwetu alikuja. Kwa kawaida hupiga hodi mara tatu na kuuliza habari za kila mtu mpaka kuku. Siku hiyo alipiga mara moja. Hakukaa. Aliweka karatasi moja mezani, imekunjwakunjwa, imekamatwa kwenye soksi ya mwanafunzi.

"Mama, huu ni mtihani wa hesabu. Unafanywa Jumatatu. Nimeukuta darasani leo."

Mama akaichukua ile karatasi. Akaikunjua, akairudisha mezani.

"Mwalimu, mimi sijafanya hivi."

"Miaka tisa, mama. Ningeapa kwa ajili yako. Lakini wanaoujua mtihani huu ni wawili, mimi niliyeutunga na wewe uliyeuchapa. Shule nyingine mbili nimeshazungumza nazo. Tumekubaliana kusimamisha kazi kwako."

Baba alitoka jikoni na spana mkononi, akasimama pale bila kujua aiweke wapi. Halafu nikaiona ile karatasi kwa pembeni, nikaona swali la tisa.

Hapa lazima nitubu. Jumanne asubuhi mama alikwenda kliniki, akaniachia nichape mtihani huo wa hesabu. Nilipofika swali la tisa uchovu ukanishika, nikajichekesha mwenyewe. Nikaandika: "Baba ana mbuzi kumi na wawili. Akiuza mbuzi mmoja kila anapoona simu mpya, atabaki na akili kiasi gani?" Mama aliporudi adhuhuri tulisomeana kwa sauti kabla ya kuchapisha, ndiyo kanuni yake. Alifika swali la tisa, akanitazama, akalifuta papo hapo na kurudisha swali la mwalimu. Mtihani uliochapishwa ukapelekwa shuleni ndani ya bahasha iliyofungwa.

"Mwalimu," nikasema, "naomba usome swali la tisa kwa sauti."

Akalisoma. Akafika kwenye neno "akili". Akavua miwani.

"Hili si swali langu."

"Ni langu. Na halijawahi kugusa karatasi hapa nyumbani. Liliishi ndani ya kompyuta hii Jumanne, kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Aliyeuiba mtihani hakuupata kwa mama. Aliuchukua humu ndani, ndani ya saa hizo tatu, na mama alikuwa kliniki. Kadi yake ya kliniki ina mhuri na tarehe."

Nikaketi. Nikafungua orodha ya programu zote, nikaipanga kwa tarehe zilivyoingia. Siku ile ya dawa hazikuingia programu moja, ziliingia mbili. Ya pili ilikuwa programu ya kumwezesha mtu kuiona na kuiendesha kompyuta yako akiwa kwake, amekunja nne. Na programu hiyo, kwa uaminifu wake, huweka kumbukumbu ya kila aliyeingia. Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi. Jina la kompyuta iliyoingia: DAKIKA-MBILI.

Alikuwa ameiita hivyo mwenyewe. Mwizi aliyeacha kitambulisho mezani.

Baba akamwita. Akaja upesi, akidhani kuna kazi. Alipomwona Mwalimu Mkuu akapunguza hatua.

"Jamani, kuna tatizo? Dakika mbili tu..."

"Kaa," akasema mama. Sauti ilikuwa ndogo, lakini hata kuku aliinua shingo. "Jumanne saa nne uliingia ndani ya kompyuta yangu. Ulifuata nini?"

Akatazama kioo. "Shemeji, nilikuwa naangalia afya yake tu. Hiyo ni huduma. Wateja wangu wote nimewawekea."

"Wote?" akauliza Mwalimu Mkuu. "Hata zahanati? Hata ofisi yangu?"

Dakika Mbili alikuwa amejibu zaidi ya alichoulizwa. Mwishowe akaangalia sakafu na kusema kwamba wanafunzi huja kibandani kwake kujaziwa nyimbo, na wao ndio waliomwomba awatafutie mtihani.

"Mama Chapa, haya tuyamalize hapa hapa," akasema. "Wewe mwenyewe ulikubali leseni ya uongo. Ukinitaja, utajitaja."

Huo ndio ulikuwa mtego, jamani. Ndivyo wanavyotushika: tukishaonja kidogo cha wizi wao, wanatutaka tunyamaze milele. Mama akasimama.

"Nitajitaja," akasema. "Nitaanza na jina langu, halafu lako. Mwalimu, andika. Nilikubali dawa ya uongo kwa sababu nilikuwa na haraka, na mwanangu alinikataza. Umeandika? Sasa mwandike huyu. Na wewe, toka sebuleni kwangu, na flashi yako."

"Nani atakutengenezea sasa?"

"Tutajua wenyewe."

Akatoka. Mama akamgeukia baba. "Kadi ya leseni ilipotelea wapi?"

Baba akaangalia spana. "Haikupotea. Iko kwenye bahasha, ndani ya boksi, chini ya mayai. Ulisema kuku asiguswe."

Mtihani umeibwa, jina limechafuka, shule tatu zimeondoka, kwa sababu baba alimwogopa kuku. Na tuwe wakweli, alimwogopa mama zaidi.

"Zimebaki siku mbili tu vitoke," baba akajitetea. "Mayai kumi na moja, mke wangu."

"Mayai kumi na moja na jina langu. Kipi kingoje?"

Mama akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya kuku, polepole. Akadonolewa mara mbili, hakuutoa. Akavuta bahasha yenye manyoya na harufu yake. Kuku akajitikisa, akakaa vizuri zaidi. Kazi nzima ilichukua, samahani kwa kutumia neno hili, dakika mbili.

Tukaichomoa kompyuta kwenye intaneti. Nikahamisha hati za mama peke yake, hakuna programu hata moja iliyopewa lifti, kisha nikafuta diski yote. Mfumo wenyewe tuliuchukua kwa wenyewe waliouunda, kwenye tovuti yao, kwa kompyuta safi ambayo Mwalimu Mkuu aliazima kwa dada yake. Nikaingiza herufi na tarakimu zote ishirini na tano za kwenye kadi. Ikakataa.

"Si nilisema," akaanza baba.

"Baba, soma." Safari hii tulisoma. Ilisema leseni hii ni ya toleo la nyumbani, na mimi, kwa mazoea ya kufuata alichofanya fundi, nilikuwa nimeweka toleo la ofisi. Nikaweka la nyumbani. Namba ikakubaliwa, lakini uthibitisho ukagoma. Tukasoma tena: saa na tarehe si sahihi. Kumbe betri ndogo ya ndani ilikwisha zamani, na kompyuta yetu, ilipozimwa bila intaneti ya kuirekebishia saa, ilirudi miaka minne nyuma. Nikarekebisha tarehe, nikaiunganisha na intaneti. Ikafikiri. Sote tulisimama, hata Mwalimu Mkuu.

Leseni imethibitishwa.

Baba alipiga kelele kama timu yake imefunga. Kinga ya virusi ilikuwa macho kazini, hakuna aliyeifunga kamba. Mama akabadilisha maneno yote ya siri, akarudisha picha yake ya maua.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilirudi. Mwalimu Mkuu alitunga mtihani mpya na kuuleta Jumapili, yeye mwenyewe. Shule ya pili ilirudi baada ya mwezi. Ya tatu haijarudi mpaka leo. Dakika Mbili alipelekwa kituoni kueleza, na kibanda chake kimefungwa. Na nyinyi majirani, badala ya kuja kukagua kompyuta zenu, mlikuja kumlaumu mama: "Umetuharibia fundi wetu." Mama aliwajibu kwa kubandika karatasi chini ya kile kibao cha mlangoni: HAPA MLINZI HAFUNGWI KAMBA. Mmoja wenu aliichana. Mama akachapa nyingine. Ikachanwa. Akachapa thelathini, akaziweka tayari kando ya printa. Karatasi tunazo, wino tunao.

Vifaranga vilitoka tisa.

FUNZO

Ndugu zangu, uongo mdogo wa leseni hauingii nyumbani peke yake, huja na mwizi wake. Anayekuomba uzime kinga ili akusaidie, mwoneshe mlango. Soma kilichoandikwa kwenye kioo kabla ya kumwita mtu, maana mashine yetu iliandika malalamiko yake kwenye kioo cha buluu tangu siku ya kwanza na hakuna aliyeyasoma. Kadi ya leseni itunze mahali ambapo mkono wako unafika bila hofu. Na ukishakosea, jitaje mwenyewe mapema, kabla aliyekukosesha hajalifanya kosa lako kuwa kamba ya kukufunga.

Ambaye bado ana ile dawa kwenye kompyuta yake aje mlango wa kijani. Mama hacheki mtu. Mimi nitacheka, lakini nitaifuta.